Jicho Lililobaki Mlimani

Wanasema Mwingereza anafungasha. Mimi nimemtangulia. Funguo za kabati la dawa nimesharudisha, koti jeupe nimelivua, na vijana mnaobaki pale hospitali ndogo ya bomani, Same, mmeniomba nieleze kazi ilikuwaje zamani. Nitaandika kama ninavyosema, kwa sababu sina namna nyingine. Shule nilisoma madarasa mawili, la tatu nililisikilizia dirishani huku mbuzi wa baba wakila maua ya mwalimu. Asiyependa maandishi yangu na aandike yake.

Niliingia kazini kwa mlango wa nyuma, na ufagio mkononi. Siku ya kwanza nilipewa ndoo na chumba cha watu wanaohara. Nikatapika, nikafuta ya kwangu pamoja na ya kwao, nikaendelea. Jioni dresa mkuu, bwana wa vidonda na sindano, Mzee Salehe, Mwislamu wa hapa hapa chini barabarani, akaja kukagua. Akainama, akapitisha kidole kwenye kona ya chumba, akakitazama. Kisha akasema, "Kesho njoo na viatu." Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Mzee Salehe alinifundisha kila kitu. Kuchemsha sirinji za kioo kwenye jiko la primasi bila kuzipasua. Kunoa sindano kwa jiwe, kwa maana sindano ilikuwa moja na makalio ni mengi. Kunusa kidonda kabla ya kukifungua. Lakini alichonifundisha kikubwa kuliko vyote ni hiki: "Usimuulize mgonjwa anaumwa nini, atakwambia alichoambiwa na jirani. Muulize leo kimemshinda nini." Mkisahau mengine yote, hilo lishikeni.

Macho nilikuwa nayajua. Siku za soko yalikuja kwa makundi, mekundu, yenye usaha, yenye kope zilizogeukia ndani zikikwangua kioo cha jicho. Niling'oa kope hizo kwa kibanio mpaka vidole vikafa ganzi. Jicho bovu nililitambua likiwa bado getini.

Ndiyo maana nilishtuka na la Nakijwa.

Wakati huo Mzee Salehe tulikuwa tumeshamzika, vita ya Hitla imekwisha, na koti jeupe nalivaa mimi. Akaja mwanamke kijana kutoka juu mlimani, Vudee, mfinyanzi, ameacha vyungu vyake sokoni kwa mwenzake.

"Shikamoo, dresa."

"Marahaba. Leo kimekushinda nini?"

"Kumwona mteja wa upande huu." Akagusa paji la uso upande wa kulia. "Mtu ananiambia chungu kina ufa, nageuza shingo nzima kama kuku."

Nikafungua jicho. Lilikuwa zuri kuliko langu. Hakuna wekundu, hakuna usaha, hakuna ukungu. Nilitafuta ubovu kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, nikakosa. Jicho zima, safi, linanitazama, na mwenyewe anasema halinioni.

Akanieleza. Lilianza kwa maumivu, si juu ya jicho, bali nyuma yake. "Kama kuna mtu kule ndani ameshika uzi," akasema. "Nikitazama pembeni, anavuta." Siku chache baadaye giza likaingia. Halafu, polepole, mwanga ukaanza kurudi, na akadhani amepona. Lakini sasa kulikuwa na jambo jingine.

"Nikiwa nyumbani naona. Nikishuka na mzigo, nikafika lile jiwe kubwa la kwenye kona, joto la nyika likanipiga usoni, jicho linafifia. Nikifika hapa sokoni limezimika. Jioni nikipanda, nikakaa barazani baridi ikanishika, linarudi."

"Linarudi lenyewe?"

"Mimi nasema linarudi. Mama mkwe anasema halirudi, maana halikushuka. Anasema linabaki kule juu likinisubiri."

Alilisema hivyo bila kupepesa, kama mtu anayeeleza alikoacha jembe. Akaongeza kwamba hata siku ya kuchoma vyungu, moto ukikolea tu, jicho linazima. Hapo nilihisi ubaridi shingoni, na mchana wa Same mnaujua.

Daktari wetu alikuwa Mskochi mmoja mrefu. Tulimwita Bwana Tochi kwa sababu hakutembea bila tochi hata jua likiwa utosini. Akamulika jicho la kushoto: mboni ikanywea kama konokono aliyeguswa. Akamulika la kulia. Mboni ikasita, ikanywea kidogo, kisha, mwanga ukiwa bado juu yake, ikafunguka. Nimeona mboni zikifunguka hivyo kwa watu tuliowafunika shuka. Sikuwa nimeona kwa mtu anayeniuliza kama atawahi kurudi sokoni.

Barazani alikuwa amekaa Kibwana, tarishi wa boma, na tarbushi yake nyekundu ya serikali. Bwana Tochi akamwelekezea kidole. "Muulize, ile kofia rangi gani?"

Nakijwa akaziba jicho la kulia. "Nyekundu. Kama damu ya kuku."

Akaziba la kushoto. Alikuwa ameshakaa kivulini muda, na jicho lilikuwa limeanza kurudi kidogo. "Kama tofali lililonyeshewa. Na yeye mwenyewe ana majivu usoni. Kama mtu aliyefukuliwa."

"Mama," Kibwana akasema, "kofia hii ni ya serikali, haififii. Na mimi asubuhi nimekula makande."

Watu wote barazani wakacheka. Bwana Tochi hakucheka. Kibwana naye, kwa taarifa yenu, aliishi miaka mingi baada ya hapo, ila siku ile alikwenda kujitazama kwenye kioo cha duka la Mhindi. Nilimwona.

Nakijwa tukamwambia apumzike, asibebe mizigo juani. Alipoondoka, Bwana Tochi alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, habari ambayo sijaisahau.

"Mimi nina dada," akasema. "Jicho lake liliuma hivi hivi. Likazimika, likarudi. Tulifurahi, akacheza dansi, akaolewa. Miaka ikapita. Siku moja ameinama kufunga kiatu, akasikia kitu kimekimbia kwenye uti wa mgongo. Baada ya hapo, miguu."

"Miguu ilifanyaje?"

"Sasa anakaa kwenye kiti cha kusukumwa."

Akanieleza kwamba nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. Mshipa huo ukivimba, jicho linakuwa zima lakini habari hazifiki. Uvimbe hupoa, ila mshipa hubaki dhaifu, na mwili ukipata joto habari hukatika tena. Kwa wengine habari huishia hapo. Kwa wengine ugonjwa unakuwa umelala tu, na baada ya miaka unaamka mahali pengine, kwenye uti wa mgongo, kwenye miguu, kwenye mikono. Kwao, nchi ya baridi, upo mwingi. "Lakini vitabu vyetu vinasema watu wenu hawaupati kabisa," akamaliza.

"Basi hana."

"Naomba vitabu viwe sahihi."

"Dawa?"

"Hakuna."

"Tumwambie?"

Akafuta mikono kidole kimoja kimoja. "Ukimwambia, atakaa anangoja kitu ambacho huenda hakiji. Utamnyang'anya miaka ambayo ni yake. Wewe unapanda kule kila mwaka kuchanja ndui. Ukifika, mwambie ainamishe kichwa, kidevu kiguse kifua. Muulize anasikia nini."

Kwa wakwe zake Nakijwa nao walikuwa wamefika kwenye uamuzi wao. Mama mkwe, Bibi Namsifu, mwanamke mkavu mwenye sauti ya kufukuzia nyani, alisema mlima unamdai mkwewe. Wakachinja mbuzi pale kwenye jiwe, wakamwaga dengelua, pombe yetu ya miwa, kidogo chini na nyingi kooni. Mwinjilisti wa kanisa lao siku hiyo alikuwa na mafua, hakutoka nje. Ikawekwa nadhiri: Nakijwa hatapita tena chini ya lile jiwe maisha yake yote. Vyungu atashusha mumewe, Mbonea. Wakamwekea na kibanda cha kuchomea vyungu mahali penye upepo, na wengine ndio wakachochea moto.

Jicho likapona. Lazima lingepona, maana joto halikulipata tena. Mimi nilijua sababu, na wao walijua sababu. Tulikuwa na sababu mbili kwa jicho moja.

"Dresa," Bibi Namsifu akaniambia nilipopanda kuchanja, "dawa yenu na mbuzi wetu, nani kashinda?"

"Mbuzi," nikamjibu. "Sisi hatukutoa dawa."

Tangu hapo akanipenda. Nilipomwambia mkwewe ainamishe kichwa, hakuuliza kwa nini.

"Unasikia nini?" nikamuuliza Nakijwa.

"Nasikia njaa."

"Mgongoni."

"Mgongoni kimya."

Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Kimya. Akapata mtoto wa kike, akamnyonyesha, akafinyanga. Mwaka mwingine, kimya. Lakini kule mlimani hakuna jambo linalofanywa kwa mtu mmoja tu. Wanawake waliona dresa wa serikali kila mwaka anamwinamisha yule aliyeachiwa na mlima, na yule haumwi. Wakaanza kusimama nyuma yake. Nikikataa kuwauliza, wananuna, hawaleti watoto kuchanjwa. Nikaona nisipoteze chanjo kwa sababu ya shingo.

Basi ikawa desturi. Kuna mwaka nilifika ukungu wa mlima Shengena umeshuka mpaka chini kiasi cha kutoona mlango kutoka uani. Nikakuta wameshajipanga wenyewe, wameinama, naona visogo tu vikining'inia kwenye weupe, hakuna nyuso. Nikapita mbele yao. "Unasikia nini?" "Kimya." "Unasikia nini?" "Kimya." Sauti zilikuwa moja. Nilipofika katikati sikujua tena nani ni nani, na nilikuwa namsikiliza mmoja tu. Mwinjilisti alinilalamikia baadaye. "Mbele ya Mungu hawainami hivi." Nikamwambia Mungu hana tabia ya kupita akiuliza mmoja mmoja.

Bwana Tochi alihamishwa. Siku ya kufunga masanduku akaniuliza, "Yule wa vyungu?"

"Kimya."

Akashusha pumzi. Nikamuuliza na dada yake. Akatazama dirishani, akaniomba nimshikie kamba ya sanduku.

Ukafika mwaka wenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha, na njia inayofuata mfereji ilikuwa laini kama unga uliokandwa. Nikiwa bado mbali na kitongoji niliona alama. Mguu wa kushoto, kamili, kisigino na vidole. Wa kulia ulikuwa na vidole tu, na kutoka kwenye vidole mstari mrefu umeburuzwa mpaka hatua inayofuata. Nikadhani mtu alikuwa anakokota ukuni. Lakini ukuni ungeacha mstari usiokatika, na huu ulikatika kila hatua na kuanza tena.

Nilipanda nikiufuata. Kila kona nilitegemea utapotea, kila kona uko. Nikajikuta natembea pembeni ya njia nisiukanyage, sijui kwa nini. Ulipita nyumba ya kwanza. Nikaomba upinde kwenye ya pili. Nilitaja hata jina la mtu, maana kule nina mtu nisiyempenda. Haukupinda. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kizingitini kwa Nakijwa, ukaishia hapo.

Ndani walikuwa wamejaa. Wazee wa ukoo kwenye viti, Bibi Namsifu kwenye kigoda, Mbonea amesimama kama mlingoti. Nakijwa alikuwa chini, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele kama vitu vya mtu mwingine. Karibu yake palikuwa na furushi la kanga, limefungwa fundo. Nikaelewa kabla sijaambiwa. Walikuwa wanamrudisha kwa baba yake.

"Umefika vizuri, dresa," Bibi Namsifu akasema. "Ushuhudie. Huyu amevunja nadhiri. Ameshuka chini ya jiwe kwa siri, na mlima umemshika miguu. Aende kwao kabla haujashika na wengine. Mtoto anabaki, ni wa ukoo."

"Sijashuka," Nakijwa akasema.

"Jiwe halisemi uongo."

"Mama, jiwe halisemi."

Mtoto alikuwa amelala ubavuni mwake, mkono ameupitisha kwenye fundo la furushi. Huyo ndiye aliyekuwa anapotea mle ndani, na mama yake alijua. Hakuwa akilia. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto kama mtu anayepima ukubwa wa chungu kwa kumbukumbu.

Nikafanya nilichotumwa. "Inamisha kichwa, mama."

Wanawake waliokuwa wamejazana mlangoni wakainama wote, kwa mazoea. Yeye peke yake hakuinama.

"Leo usiniombe," akasema. "Niliinama jana mferejini kuteka maji. Ndiva ikafunguliwa hapa." Akagusa kisogo. Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia. Ukizibua mlango wake yanashuka yote kwa pamoja. "Maji yakateremka mgongoni mpaka kwenye vidole vya miguu. Ya baridi. Nikajishika mgongo, mkavu."

Pale mlangoni vichwa vikaanza kuinuka, kimoja kimoja, polepole.

Sikufikiri sana. Watu wa maneno mengi wangefikiri. Nikasema, "Hajashuka. Ugonjwa huu ulijulikana kabla mbuzi wenu hajachinjwa. Bwana Tochi aliniambia siku ile ile: jicho likianza hivi, miguu inaweza kufuata, hata baada ya miaka, hata akikaa wapi. Ndiyo maana nimekuwa nikimwinamisha."

Bibi Namsifu akageuka juu ya kigoda chake, akanitazama kama anayeniona mara ya kwanza.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kila mwaka ulikuwa unakuja kuuliza kama kimefika."

"Ndiyo."

"Ukakiuliza," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "mpaka kikaitika."

Mzee mmoja akauliza, hakumuuliza mtu, "Na hawa wengine wote aliowainamisha?"

Nikasikia mlangoni mikono ikipiga ngozi. Wote walikuwa wameshika visogo vyao. Mmoja alikuwa anajikandakanda kama mtu anayetafuta kupe.

Ningeweza kubisha. Ningeweza kuwaeleza mishipa ya fahamu mpaka jioni. Lakini niliona jicho la Bibi Namsifu limetoka kwa mkwewe na kunikalia mimi, na nikajua nikilisukuma litarudi kule lilikotoka. Nikasema, "Kama kuna wa kulaumiwa, ni anayeuliza. Aliyeulizwa hana kosa. Nadhiri yake ni nzima."

Mbonea akachuchumaa. Akautoa mkono wa mtoto taratibu, akafungua fundo la kanga, akaanza kurudisha vitu vya mke wake kwenye kamba na vigingi, kimoja kimoja. Hakuna mzee aliyemzuia. Walikuwa wanaangalia mikono yangu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliofuata niliambiwa chanjo ya kule apewe mwingine, wananchi wameomba. Nilipita mara nyingine kwa shughuli zangu, nikaona kina mama wakiingiza watoto ndani. Nyinyi mnaopanda sasa mmekuwa mkiniuliza kwa nini wanawake wa kitongoji kile wanashika visogo mkiwasalimia. Mmejua. Msiwaeleze kitu, chanjeni watoto mshuke. Mimi sikudhurika. Mtu anayeogopwa halali vibaya kama mnavyodhani, na Nakijwa analala kwake mpaka leo na mtoto wake.

Lakini kabla sijashuka siku ile alimwambia mumewe amtoe barazani, na akaniita. Nikasimama mbele yake. Wengine walikuwa ndani bado wananong'ona.

"Ulijua," akasema na yeye.

"Bwana Tochi alisema nikikwambia nitakunyang'anya miaka yako."

"Miaka hiyo nilifinyanga vyungu vya soko. Vidogo, vya kuuzika. Mitungi mikubwa, ile ya kusimama siku nzima ukiizunguka, nilikuwa naiweka kando mpaka mtoto akue." Akatazama miguu yake. "Ungeniambia, ningeanza nayo."

Tangu siku ile mgonjwa akiniuliza kitu nimemwambia. Wako waliolia, wako walionitukana, mmoja alinirushia bakuli. Bwana Tochi alikuwa mtu mwema na dada yake alimuuma rohoni. Kila mtu na alivyoumwa.

"Sasa niambie yote," Nakijwa akasema.

Nikamwambia. Kwamba miguu inaweza kurudi kidogo, kama jicho lilivyorudi, halafu ikaondoka tena. Kwamba jicho linaweza kuzima tena hata kwenye baridi. Kwamba mikono nayo inaweza kushikwa, au isishikwe. Kwamba hakuna anayejua zamu wala siku, si mimi, si daktari, si jiwe. Alisikiliza huku ametazama bondeni, kule chini ambako hakuwa ameshuka tangu nadhiri.

Mbonea akaja na udongo kwenye jani la mgomba, akauweka mapajani mwa mkewe bila kuambiwa. Nakijwa akauminya.

"Mikono leo ipo?" akaniuliza.

"Leo ipo."

"Basi sogea, dresa. Unanizibia mwanga."

Nikasogea.